Ruzuku ya mafunzo ya huduma za magonjwa ya zinaa: maana yake

Ruzuku ni fedha ambazo Serikali huipa halmashauri, chuo au taasisi ili kazi iliyotajwa ifanyike, bila mpokeaji kutakiwa kuzirejesha. Hapo ndipo inapotofautiana na mkopo. Hata hivyo si zawadi, kwa kuwa ina masharti: fedha zilizoombwa ili wauguzi na matabibu wafundishwe kuwahudumia wagonjwa wa kaswende, kisonono na magonjwa mengine ya zinaa hazihamishiwi kwenye ukarabati wa jengo, na matumizi yake hutolewa taarifa na kukaguliwa. Marekani, kwa mfano, ruzuku za kuzuia magonjwa haya zina kifungu chake katika Sheria ya Huduma za Afya ya Umma, na tangu mwaka 1979 CDC, taasisi ya serikali ya nchi hiyo ya kudhibiti na kuzuia magonjwa, imekuwa ikigharamia vituo maalumu vya kuwafundisha watoa huduma.

Umuhimu wa mafunzo hayo huonekana zaidi katika chumba cha zahanati kuliko katika nyaraka zinazopita Mtumba, mji wa Serikali jijini Dodoma. Zahanati nyingi za vijijini, zikiwemo za wilaya za Bahi na Chamwino, hazina maabara ya kutambua kila kimelea, hivyo mtoa huduma hutibu kwa kufuata kundi la dalili kama mwongozo unavyoelekeza. Mama anaingia, anakaa pembeni ya benchi na kusema, “Naumwa tumbo tu, nesi.” Muuguzi asiyefundishwa anaweza kumwandikia dawa ya maumivu na kumwita anayefuata. Aliyefundishwa hufunga mlango kwanza, humwuliza kwa sauti ya chini kama anatokwa na uchafu usio wa kawaida au ana maumivu wakati wa tendo, humpa dawa stahiki, kisha humweleza bila kumfedhehesha kwa nini mwenza wake naye atibiwe. Naamini sehemu hii ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote, na haijifunzwi kwa kusoma kitabu. Inahitaji mkufunzi anayemwangalia mwanafunzi akizungumza na mgonjwa.

Kwa hiyo ruzuku ya namna hii hulipia nauli, posho ya kujikimu, wakufunzi na nakala za miongozo, lakini inapaswa kulipia pia usimamizi shirikishi, yaani safari za kumfuata muuguzi kituoni kwake baada ya mafunzo kwisha. Ushahidi tunao hapa hapa Tanzania. Katika utafiti uliofanyika mkoani Mwanza kati ya mwaka 1991 na 1994, watumishi wa vituo vya afya walifundishwa kutibu magonjwa ya zinaa, wakapelekewa dawa bila kukatika na kutembelewa mara kwa mara. Maambukizi mapya ya VVU katika jamii hizo yakawa pungufu kwa takriban asilimia 40 kuliko katika jamii zilizolinganishwa nazo.

Mambo hayo matatu yalikwenda pamoja, na ndiyo maana andiko la kuomba ruzuku linalotaja idadi ya washiriki na gharama za ukumbi peke yake lina upungufu mkubwa. Lionyeshe washiriki wanatoka zahanati zipi, kama ndio wanaowaona wagonjwa kila siku, na kama sindano ya benzathini, dawa ya kutibu kaswende, itakuwepo kabatini watakaporudi kazini.