Faili la seva ndani ya laptop yako: dhana potofu na ukweli

"Nikiruhusu folda ipatikane bila mtandao, bado nafanya kazi kwenye seva."

Hapana. Seva ni kompyuta ya ofisini inayotunza mafaili ya wote. Windows huchukua nakala kutoka huko na kuihifadhi kwenye diski ya laptop yako, ndani ya folda iliyofichwa ya C:\Windows\CSC. Utaratibu huu, uitwao Offline Files, upo tangu Windows 2000. Kinachowachanganya watu ni kwamba njia ya kufikia faili haibadiliki: ile Z: uliyoizoea, herufi ya folda ya seva, inabaki Z:. Mtandao ukikatika, kila unachoandika kinaingia kwenye nakala yako peke yake. Seva haina habari, na mwenzako wa meza ya pili hana habari.

"Tukibadilisha faili moja watu wawili, kompyuta itaunganisha."

Hapa ndipo watu wanapoumia. Nilishuhudia kwenye chama kimoja cha akiba na mikopo. Mhasibu alikwenda tawini na laptop, akaingiza marejesho ya wanachama kwenye jedwali la Excel. Asubuhi hiyo hiyo mwenzake ofisini akalifungua jedwali lile lile, nalo likafunguka bila onyo lolote. Ule ujumbe wa "faili linatumiwa na mtu mwingine" hutokana na kufuli linalowekwa kwenye seva, na laptop iliyo nje ya mtandao haiwezi kufunga kitu huko. Jioni mhasibu aliporudi, Sync Center, sehemu ya Windows inayolinganisha nakala na seva, ikamwonyesha mgongano na kumpa njia tatu: abakize faili la kwenye kompyuta yake, la kwenye seva, au yote mawili. Kwa haraka akachagua la kwake. Kazi ya siku nzima ya mwenzake ikapotea, wakakesha na mabunda ya risiti wakiingiza upya tarakimu moja moja.

Ukiona mgongano, bakiza yote mawili. Moja litapewa jina tofauti, kisha kaeni wawili mlinganishe mstari kwa mstari. Dropbox na Syncthing, programu nyingine za kulinganisha mafaili kati ya kompyuta, nazo hazijaribu kuamua nani yuko sahihi, ila huacha nakala ya pili pembeni, na jina lake linaonyesha kuwa imetokana na mgongano. Msiifute kwa kudhani ni takataka.

"Faili nikiliona kwenye folda, basi ninalo."

Kwenye OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, tazama alama. Wingu la buluu maana yake unaona jina tu, faili lenyewe liko mbali. Tiki ya kijani ndani ya duara tupu: lipo, lakini linaweza kuondolewa kupisha nafasi. Duara lililojaa kijani lenye tiki nyeupe ndilo litakalobaki. Bofya kulia uliagize libaki daima kwenye kifaa, usiku kabla ya safari, si ukiwa stendi huku bando linayoyoma.

"Kila Windows inaweza." Toleo la Home halina Offline Files.

"Hata faili la hifadhidata linabebeka."

Naomba msifanye hivyo. Faili la Access, programu ya hifadhidata ya Microsoft, linaandikwa na watu kadhaa kwa wakati mmoja, kipande hapa kipande pale. Nakala mbili zikiachana, hakuna wa kuzirudisha kuwa moja. Windows XP ilikuwa inakataa yenyewe kubeba .mdb (faili la Access) na .pst (faili la barua pepe za Outlook) isipokuwa msimamizi abadilishe mpangilio, na ilikuwa na sababu.

"Ipo kwenye kompyuta tatu, bakapu ya nini?"

Kwa programu hizi za kulinganisha mafaili, kufuta ni badiliko kama badiliko jingine. Ukifuta faili kwenye kompyuta moja, nyingine zinafuata mara zikipata mtandao. Mafaili yaliyofungwa kwa nywila na kirusi nayo husambazwa kwa uaminifu ule ule. OneDrive ya binafsi hukuwekea ulichofuta kwenye pipa la taka kwa siku 30, baada ya hapo hakipo tena. Bakapu ni diski ya nje inayochomekwa, ikapokea nakala ya tarehe ya siku hiyo, ikachomolewa na kufungiwa kabatini.