Mabel Normand hakuwa kivuli cha Chaplin

Wengi humdhania Mabel Normand kuwa binti mrembo tu wa kumsindikiza mchekeshaji Charlie Chaplin kwenye filamu zisizo na sauti. Kumbe mwaka 1914, Chaplin alipoanza kazi studio ya Keystone, California, mgeni alikuwa yeye. Mabel alikwishakuwa nyota, na mwaka huohuo alikuwa akiongoza filamu.

Siku moja Mabel alipokuwa akimwongoza, Chaplin akataka kuongeza kichekesho: akanyage mpira wa maji, auchungulie maji yalipokwama, kisha aondoe mguu na maji yamrukie usoni. Mabel akakataa, muda hakuna. Bwana mkubwa akasusa, akaenda kuketi kando ya barabara! Alikuja kuyasimulia mwenyewe.

Mwaka 1916 Mabel akawa na kampuni yenye jina lake. Kifua kikuu kilimuua 1930, akiwa na miaka 37.