Kukaanga buni nyumbani: mlio wa kwanza ni nini?

Kiswahili kina majina matatu kwa kitu ambacho wengi wetu tunakiita kahawa basi. Mti ni mbuni, punje yake ni buni, na kahawa ni kile kinachoingia kikombeni. Buni ni neno la asili ya Kiarabu, na Waethiopia nao husema buna. Anayenunua unga wa pakiti dukani hana haja na tofauti hiyo, kwa sababu buni hajawahi kukutana nayo. Anayeanza kukaanga mwenyewe anakutana nayo siku ya kwanza: punje ngumu kama kokoto, rangi ya kijani iliyofifia, harufu ya majani makavu. Ukiichemsha ilivyo, unapata maji yenye ladha ya kunde mbichi.

Kinachoigeuza buni kuwa kahawa ni moto, na uzuri wake ni kwamba mgeuko wenyewe unasikika. Wakaangaji huusubiri wakiwa wametega sikio. Ndio mlio wa kwanza.

Buni iliyokaushwa vizuri bado ina maji ndani yake, kiasi cha asilimia 10 hadi 12 ya uzito. Kaango likipata moto, maji hayo yanageuka mvuke, lakini ukuta wa punje ni mgumu na mvuke hauna pa kutokea. Joto linapanda, hewa ya kaboni nayo inazaliwa humo ndani, msukumo unazidi. Punje inapofika karibu na nyuzi 200 za Selsiasi, ukuta unashindwa. Ta! Kimya kidogo. Ta, ta-ta! Ni kama bisi, ila mlio wa buni ni mkavu zaidi, na punje hairuki. Inavimba tu, na ule mfereji wa katikati unafunguka. Punje iliyolia unaweza kuitafuna ikapondeka. Ambayo haijalia itakuumiza jino.

Mimi hukaangia gramu 200 kwenye kaango zito la chuma. Ukizidisha, punje zinapandana na za juu hazipati moto. Dakika za mwanzo hakuna cha kuona, ni mkono tu unaokoroga. Kisha kijani kinapauka, kinaingia unjano, na harufu inabadilika ghafla: majani yameondoka, jikoni kunanukia kama mkate unaookwa. Wanaoanza hudanganyika hapo wakadhani imeiva. Bado. Rangi inakwenda kahawia, na ngozi nyembamba iliyoishikilia punje inaanza kubanduka na kupeperuka. Zile ni kumvi, na zitakwenda kila pembe ya jiko, kwa hiyo usikaangie karibu na chakula cha watu. Kwenye dakika ya nane hadi ya kumi, kwa moto wangu, naanza kusikia mlio. Ukisikia kwenye dakika ya nne, moto ni mkali mno: nje imeungua, ndani bado ni buni.

Hilo nimelilipia. Mara yangu ya kwanza nilitumia sufuria nyembamba ya alumini, gesi imefunguliwa yote, nikaacha kukoroga kidogo nipokee simu. Niliporudi, nusu ya punje zilikuwa nyeusi tii na nusu zina madoa ya kijani, nyumba imejaa moshi, jirani yuko mlangoni anauliza kuna nini kinaungua. Nilimjibu ni kahawa. Akaniangalia kwa huruma.

Baada ya mlio wa kwanza una chaguo, na ni chaguo la dakika, si la robo saa. Ukitoa punje milio inapoanza kupungua, unapata kahawa ya kahawia ya wastani, yenye uchachu mtamu na harufu ya pale ilikotoka. Ukiendelea, kwenye nyuzi 225 hivi unakuja mlio wa pili. Huu ni mwembamba na wa haraka, kama chumvi ya mawe iliyotupwa kwenye makaa. Sasa ni mwili wa punje wenyewe unaovunjika, na mafuta yanatoka nje yaking'aa. Uchachu umekwisha, uchungu umetawala. Ukizidi hapo unatengeneza mkaa.

Kahawa chungu ya pwani, ile ya mdila wa shaba na vikombe visivyo na mkono, hukaangwa hadi nyeusi, na ina sababu yake: inachemshwa muda mrefu, pengine kwa tangawizi au iliki, na inanywewa na kashata. Robusta, aina ya kahawa inayolimwa Kagera, inastahimili moto huo vizuri. Lakini kuchukua aina nyingine, arabika nzuri ya Mbinga au ya Kilimanjaro na kuipitisha mlio wa pili, kwangu ni kuharibu. Utakunywa moto, si kahawa. Na weusi usikudanganye kuhusu nguvu: kafeini haibadiliki sana kaangoni. Kinachoongezeka ni uchungu.

Ukishaamua imetosha, toa mara moja. Punje ina joto lake ndani na itaendelea kujikaanga hata nje ya moto, ndiyo maana kahawa nyingi za nyumbani huishia kuwa nyeusi kuliko mkaangaji alivyokusudia. Mimina kwenye ungo, pepeta barazani, upepo uchukue joto na kumvi kwa pamoja. Ukipima, zile gramu 200 zitakuwa zimebaki kama 168. Muuzaji hakukupunja, ni maji na hewa vilivyotoka.

Kisha ngoja, jambo gumu kuliko kukoroga. Kahawa iliyotoka motoni imejaa hewa ya kaboni, na ukiipika saa hiyo hiyo maji yanasukumwa na povu badala ya kuingia kwenye unga. Iache usiku mmoja ndani ya chombo ambacho hukukikaza mfuniko. Siku ya pili na ya tatu ndipo inapotulia. Buni mbichi ikiwekwa pakavu hukaa miezi bila shida. Iliyokaangwa ina wiki chache za ubora. Iliyosagwa huanza kupoteza harufu ndani ya dakika, kwa sababu kila punje imekuwa vipande mamia na kila kipande kinapigwa na hewa.

Kwa hiyo saga ya kupika sasa hivi tu. Ya kuchemsha kwenye mdila inataka unga laini kama wa mdalasini. Ya kuloweka na kuchuja inataka chenga, kama mchanga wa ufukweni, maana unga laini utapita kwenye chujio na kuacha matope kikombeni. Mashine ya kisu, ile ya kusagia viungo, inatoa vumbi na mabonge kwa pamoja. Ibonyeze kwa vipindi vifupi huku ukiitikisa. Mashine ya meno, hata ya mkono, inatoa chembe zinazolingana. Kinu na mchi vinafaa kabisa kama mkono wako una subira, mradi kiwe kinu cha kahawa peke yake. Cha kitunguu saumu hakioshwi kikatakata. Nimekunywa hiyo kahawa, na mgeni wangu aliinywa pia, kwa adabu, hadi nusu kikombe.