Gome la Abaki: Ukali Upo, Ruhusa ya Kulichuna Je?

Miezi hii tumepokea malalamiko mengi kutoka kwa wakazi wa karibu na Msitu wa Kakamega: miti ya abaki inachunwa gome mpaka inasimama uchi. Wengine huuita muthiga au soget. Jina la kitaalamu ni Warburgia ugandensis.

Aliyewahi kutafuna gome hilo akiwa na kikohozi au jino bovu anajua linavyowasha ulimi. Ukali huo unatokana na kemikali tatu zilizomo ndani yake: poligodiali, warburganali na muzigadiali. Molekuli hizi hubeba aldehidi mbili zilizo jirani (vikundi vya atomi vyepesi kushikamana na vitu vingine), nazo hunasa protini za mdudu au kuvu anayeushambulia mti. Mwaka 1976 Isao Kubo, Koji Nakanishi na wenzao walieleza jinsi warburganali inavyowafanya viwavijeshi wakatae kula. Maabara pia zimeonyesha kwamba poligodiali na muzigadiali huua kuvu aina ya kandida.

Wapo wanaotuambia kwamba basi gome hili hutibu malaria. Lakini kuua kuvu kwenye kisahani cha maabara si kutibu malaria. Hili tumelisema hadi tumechoka. Homa ikipanda, nenda ukapimwe.

Kuhusu sheria: kuchuna gome katika msitu wa umma bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016. Kibali huombwa kwa Huduma ya Misitu ya Kenya kabla ya kuchuna. Kuchuna kwanza, kisha kuja ofisini na gunia ukiomba karatasi, hakukubaliki. Adhabu ni faini, kifungo, au vyote viwili, na mahakama inaweza kutaifisha panga, gunia na hata pikipiki iliyobeba mzigo. Ukilisaga, ukalifungasha na kuliuza kama dawa, unahitaji pia usajili wa Bodi ya Famasia na Sumu. Kibandiko cha "asilia" si usajili.

Na tafadhali, msituulize tena kama gome la upande wa mashariki ndilo lenye nguvu. Gome halijui jua linachomozea wapi.

Sokoni Kibuye, Kisumu, nimeshika vipande vipana kama kiganja, ndani bado vyekundu vya waridi. Vimetoka kwenye shina la mti mkubwa. Ukichunwa mduara mzima, mti huo hufa, kwa kuwa chakula kutoka majanini hushuka mizizini kupitia gome la ndani. Majani nayo yana ukali, ndiyo maana wapo wanaoyatia kwenye mchuzi. Mwenye mti shambani aanze na majani.