Unakwenda Jamaica? Shughulikia Kadi ya Njano Kabla ya Tiketi

Malalamiko yanayofika kwenye madawati yetu ya afya mipakani kuhusu safari za Jamaica yanafanana. Tiketi imelipwa, mizigo imefungwa, na abiria anazuiwa kaunta ya shirika la ndege. Wengi huamini wameonewa, wakati karibu kila mara kilichokosekana ni karatasi ambayo ingepatikana mapema kama wangeuliza.

Ni kweli kwamba Mtanzania au Mkenya anayekwenda Jamaica kutembea hahitaji viza ya nchi hiyo. Tatizo ni njia. Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Afrika Mashariki hadi Kingston au Montego Bay, hivyo lazima uunganishe. Ukipitia Marekani utatakiwa uwe na viza ya Marekani, hata kama hutoki nje ya uwanja. Uingereza nayo inawataka raia wa nchi zetu hizi mbili wawe na viza ya kupita uwanjani, isipokuwa wenye msamaha, kwa mfano baadhi ya walio na viza halali za Marekani au Kanada. Tazama kwanza ndege inatua wapi njiani, ndipo ulipe. Fomu ya uhamiaji na forodha iitwayo C5 hujazwa mtandaoni bila malipo. Tovuti inayokudai pesa kwa fomu hiyo si ya serikali ya Jamaica. Tiketi ya kurudi na anwani ya utakapofikia ziwe karibu, kwa sababu utaulizwa.

Sasa kadi ya njano, yaani cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambako ndiko tunakobishana sana na wasafiri.

Jamaica inamtaka kila msafiri mwenye umri wa mwaka 1 au zaidi anayetoka nchi yenye hatari ya homa ya manjano aonyeshe cheti cha chanjo. Kenya, Uganda, Burundi, Ethiopia na Kongo zimo katika orodha ya nchi hizo ya Shirika la Afya Duniani. Tanzania imewekwa kwenye kundi la hatari ndogo, na hapo ndipo msafiri hutwambia, "Basi mimi hainihusu." Inakuhusu. Ukikaa zaidi ya saa 12 katika uwanja wa Nairobi au Addis Ababa ukisubiri ndege nyingine, unahesabiwa kama umetoka huko. Tena karani wa shirika la ndege hana muda wa kuchambua makundi ya hatari. Anaona umetoka Afrika Mashariki, anaomba kadi. Chanjwa.

Chanjo ni dozi moja tu. Cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo anayekuja kuchanjwa keshokutwa akiwa na safari amechelewa, na hakuna afisa mwenye mamlaka ya kurudisha tarehe nyuma. Tunaombwa jambo hili kila mara, na jibu halibadiliki. Kuanzia tarehe 11 Julai 2016, cheti kinadumu maisha yote ya mwenye nacho, zikiwamo kadi za zamani zilizoandikwa miaka 10. Huna haja ya kuchanjwa upya kwa sababu tu mtu fulani amekwambia kadi "imekufa". Hakikisha jina linafanana na la kwenye pasipoti herufi kwa herufi, na kwamba tarehe, namba ya toleo la chanjo, sahihi na muhuri vipo. Kikikosekana kimoja, kadi inaweza kukataliwa.

Chanjo hii imetengenezwa kwa kirusi hai kilichodhoofishwa, hivyo haifai kila mtu. Mwenye kinga dhaifu, mwenye mzio mkali wa mayai, mjamzito na mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea wazungumze na daktari kwanza. Asiyeweza kuchanjwa huandikiwa barua rasmi ya kitabibu, ingawa nchi anayokwenda ndiyo inayoamua kuipokea. Kununua kadi bila sindano ni kughushi, na kughushi ni jinai. Ukikamatwa nayo utapoteza safari na utafunguliwa kesi, na bado mwilini huna kinga.

Upo upande wa pili ambao wasafiri wetu hawaufikirii. Jamaica ilikuwa imetokomeza malaria, ikarudi Kingston mwaka 2006, na ikawachukua miaka kuiondoa tena. Mbu wa kuieneza bado wapo. Pima malaria kabla ya kuondoka, usije ukawapelekea. Ukipata homa ukiwa huko, hata baada ya wiki kadhaa, mwambie daktari mapema kwamba umetoka nchi yenye malaria, maana daktari wa kule haoni malaria kila siku na anaweza kuanza na ugonjwa mwingine.

Homa ya dengue ipo Jamaica kama ilivyowahi kusumbua Dar es Salaam. Mbu wake huuma mchana, hivyo chandarua peke yake hakitoshi. Paka dawa ya kufukuza mbu na vaa mikono mirefu. Ukiishuku, meza paracetamol na nenda hospitali. Achana na diklofenaki na aspirini, zinaweza kuongeza hatari ya kuvuja damu.

Msimu wa vimbunga ni Juni 1 hadi Novemba 30. Kimbunga Melissa kilipiga Jamaica tarehe 28 Oktoba 2025, na baada ya mafuriko Wizara ya Afya ya huko ikatangaza mlipuko wa leptospirosisi, ugonjwa uleule tuliouita homa ya mgunda ulipotokea Ruangwa mwaka 2022. Usikanyage maji yaliyotuama ukiwa pekupeku au una kidonda.

Teksi zenye kibali zina namba nyekundu. Nguo zinazofanana na sare za jeshi ni marufuku, hata kwa mtoto. Katika maeneo ya operesheni maalumu, chini ya sheria ya mwaka 2017, polisi na wanajeshi wanaweza kukupekua bila hati, hivyo tembea na kitambulisho.

Na bangi, kwa kuwa mnaiuliza sana: haijaruhusiwa kiholela. Sheria ya mwaka 2015 ilifanya kukutwa na wakia 2 au pungufu, yaani kama gramu 56, kuwe kosa la faini ya dola 500 za Jamaica, inayolipwa ndani ya siku 30. Usipolipa unapelekwa mahakamani. Kuvuta hadharani ni marufuku. Kutoka nayo nje ya nchi ni kosa kubwa, na ukifika nayo hapa nyumbani Tanzania utakabiliana na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Kagua kila mfuko wa begi kabla ya kwenda uwanjani, na usibebe mzigo wa mtu mwingine.