Kabla ya Kukata Tiketi ya Lisbon

Kundi la kwanza nililolipeleka Lisbon lilikuwa la watu kumi na moja, wengi wao wa Mombasa, na Belém, mtaa wa kihistoria kando ya mto, nikaiweka Jumatatu. Tukashuka kwenye tramu saa nne asubuhi, watu wamependeza kwa ajili ya picha, tukakuta mlango wa monasteri ya Jerónimos umefungwa. Makumbusho ya jirani nayo yamefungwa. Mama mmoja akanisogelea na kuniuliza taratibu, "Mwanangu, kwani huku Jumatatu ndiyo Ijumaa yao?" Sikuwa na jibu. Kumbe sehemu nyingi za historia za jiji lile hupumzika Jumatatu, na mimi niliyelipwa kujua sikujua.

Tangu siku hiyo, mteja akinitajia Lisbon namuuliza mambo mawili kabla ya yote: unafika siku gani ya wiki, na magoti yako yana hali gani? Bajeti tutaizungumza baadaye.

Viza niipitie haraka, maana ndiyo inayowatia watu homa. Ureno iko ndani ya Schengen, kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na viza ya matembezi hukupa siku zisizozidi 90 katika kila siku 180. Ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024. Bima ya safari ifikie yuro 30,000. Pasipoti iwe na angalau miezi mitatu ya uhai baada ya tarehe utakayoondoka Ulaya, na kurasa mbili tupu. Ombi linapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Siku kumi na tano kabla ya safari ndiyo mwisho, na anayesubiri mpaka hapo anajitafutia presha. Kosa ninaloliona kila mwaka ni la mtu anayepanga siku mbili Lisbon na siku tano Paris, kisha anapeleka ombi kwa Wareno kwa sababu ameambiwa na rafiki yake kuwa ni wepesi. Ombi huenda kwenye nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, basi ile utakayoingia kwanza. Afisa akisoma ratiba yako ataliona jambo hilo kabla hujakaa kwenye kiti.

Sasa magoti. Lisbon inasifiwa kwa vilima saba, lakini picha za hoteli hazionyeshi ngazi. Mtu anaona chumba cha bei nafuu Alfama au Graça, mitaa ya vilimani, dirisha linatazama mto Tagus, analipa. Anafika na masanduku mawili ya kilo ishirini na tatu, teksi inamshusha chini kwa sababu kichochoro hakipitiki, na mbele yake zipo ngazi themanini. Sehemu tambarare ya katikati ni Baixa, na utambarare wake una kisa. Asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, tetemeko kubwa liliupiga mji, bahari ikapanda, kisha moto ukamaliza kilichobaki. Waziri Marquês de Pombal akaujenga upya mtaa huo kwa barabara zilizonyooka kama mistari ya daftari. Wazee na wenye watoto wadogo nawalaza hapo, au kando ya Avenida da Liberdade, karibu na kituo cha metro. Uwanja wa ndege uko mjini kabisa na metro inafika mpaka hapo.

Kanuni yangu ya vilima ni moja: panda kwa chombo, shuka kwa miguu. Tramu namba 28 huanzia Martim Moniz na kukwea mpaka Graça. Ipandeni kabla ya saa tatu asubuhi. Baada ya hapo ni msongamano mtupu, na wezi wa mfukoni wanaijua tramu hiyo kuliko dereva. Mkifika juu mnaitazama Lisbon yote kutoka kwenye viwanja vya mandhari, wenyewe huviita miradouro, kisha mnateremka polepole mkipitia Alfama mpaka mtoni. Neno Alfama lenyewe ni Kiarabu, al-hamma, chemchemi ya maji moto, na vichochoro vyake vimejipinda kwa namna ambayo mtu wa Mji Mkongwe hatashangaa. Kutoka Baixa kwenda Chiado, mtaa ulio juu yake, msipange foleni ya saa nzima kwenye lifti ya Santa Justa. Ingieni kituo cha metro cha Baixa-Chiado, ngazi za umeme zitawapandisha mpaka juu bila tiketi, zikiwa nzima. Lifti hiyo ni ya mwaka 1902 na ni nzuri kutazama. Itazameni kutoka juu, upande wa magofu ya kanisa la Carmo, ambayo tetemeko liliyavua paa. Vile vibehewa vinavyovutwa kwa kamba ya chuma kupanda mlima sivitegemei kwenye ratiba zangu. Cha Glória kilipata ajali tarehe 3 Septemba 2025, na watu 16 wakafariki.

Viatu ni suala zito kuliko mnavyodhani. Njia za waenda kwa miguu zimetandikwa vijiwe vidogo vyeupe na vyeusi, vimepangwa kwa mapambo, na miguu ya watu imeving'arisha miaka na miaka. Mvua ikinyesha vinateleza kama sabuni. Acheni ndala nyumbani, na visigino virefu viwe vya chakula cha usiku tu.

Kuhusu majira, Mei, Septemba na Oktoba ndiyo miezi yangu. Agosti ni joto na foleni. Juni ina usiku wa Santo António, tarehe 12 kuamkia 13, mitaa yote inanuka dagaa wakubwa wa kuchoma, ni raha tupu lakini hoteli hupanda bei. Wateja Waislamu wa Juni nawatahadharisha mapema kwamba jua huzama kama saa tatu usiku, kwa hiyo Magharibi na Isha vitaingilia usingizi wa watoto. Msikiti Mkuu uko karibu na Praça de Espanha, ulifunguliwa 1985, na sehemu kubwa ya waumini wake wana asili ya Msumbiji. Chakula halali kinapatikana kwa wingi mitaa ya Martim Moniz, kwa Wabangladeshi na Wapakistani.

Mkikaa kula mahali popote, mtaletewa mkate, zeituni na jibini kabla hamjaagiza kitu. Si ukarimu huo. Mkigusa, mtalipa. Msipotaka, semeni virudishwe, hakuna atakayenuna. Na hotelini kuna kodi ya mgeni, yuro 4 kwa usiku mmoja kwa kila mtu wa miaka 13 na zaidi, mara nyingi haimo kwenye bei mliyoiona mtandaoni. Sintra, mji wa makasri nje ya Lisbon, ni siku nzima. Wanaoibana katika nusu siku hurudi wamechoka na hawajaona kitu.

Nimewawekea Belém mwisho kwa sababu hapo ndipo ninapogombana na vitabu vya mwongozo. Wao huwapa wageni ratiba ile ile: kitindamlo cha Pastéis de Belém, ambacho kinauzwa hapo tangu 1837 na kwa kweli ni kitamu kikiwa cha moto na kunyunyiziwa mdalasini, mnara wa kando ya mto, mnara wa mabaharia wa 1960, kanisa lenye kaburi la Vasco da Gama. Mtu wa pwani yetu akisimama mbele ya kaburi lile hasimami kama mtalii wa Kanada. Huyu ndiye aliyetia nanga Mombasa na Malindi Aprili 1498. Nimeona wateja wakipiga picha, nimeona mmoja akigeuza uso. Wote nawaacha na yao.

Lakini jambo lenyewe haliko Belém. Liko njiani, mtaa wa Janelas Verdes, katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale. Mwaka 1502, katika safari yake ya pili, Vasco da Gama aliingia Kilwa na meli za vita, akamlazimisha mtawala, Amir Ibrahim, kuwa chini ya mfalme wa Ureno na kulipa kodi ya dhahabu, mithqali 1,500 kwa kipimo cha uzito cha zamani. Mfalme Manuel wa Kwanza akaamuru dhahabu hiyo ifuliwe monstransi, chombo ambacho Wakatoliki huweka Ekaristi ili waumini waiabudu. Ikakamilika 1506, na sonara anayetajwa ni Gil Vicente. Ina urefu unaozidi sentimita 70. Mitume kumi na wawili wamepiga magoti kuizunguka, kila mmoja mdogo kuliko kidole, nguo zao zimetiwa rangi, na juu yao ananing'inia njiwa.

Chini, kwenye kitako, kuna maandishi yanayozunguka. Hapo ndipo huwaambia watu wainame. Kireno hiki tunakijua zaidi ya tunavyodhani: kutwa nzima tumeona mesa, copo na bandeira, na kwenye mlango wa kanisa igreja, neno lililotuzalia gereza. Mzee mmoja wa Lamu, niliyempeleka na mkewe, alivaa miwani yake na kufuata herufi moja moja kwa kidole bila kugusa kioo. Akafika kwenye herufi Q, I, L, V, A. Akarudia. Akamwita mkewe, "Njoo, mama. Wameandika. Hawakuficha." Maneno yanasema chombo kilifanywa kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa.

Tulikuwa tumeingia jioni, nikidhani nusu saa inatosha. Mlinzi alikuja mara mbili kutukumbusha kwamba wanafunga, na mzee bado ameinama. Sasa ziara hiyo naiweka Jumanne hadi Jumapili, saa nne asubuhi milango ikifunguliwa tu, na Belém inafuata baada yake. Angalieni tovuti yao wiki moja kabla, kwa sababu majengo ya zamani ya Lisbon hufungwa kwa ukarabati mara kwa mara, na hili sitaki mlikose.