Kesi kufutwa si rekodi kufutwa

Jumamosi harusini, sahani ya pilau mkononi, nikaulizwa tena. Kaka mmoja wa makamo, mstaarabu kabisa, kaninong'oneza: "Kesi yangu ilifutwa zamani. Sasa mbona imetokea nilipochukuliwa alama za vidole za kazi?" Swali hili nimelijibu mara nyingi hadi pilau imekuwa ikinipolea kila shughuli. Naandika hapa ili siku nyingine nitume kiungo tu, nile.

Kosa la kwanza si lake, ni la Kiswahili chetu. "Kufuta" tumelitwika mizigo miwili. Hakimu akiondoa mashtaka, tunasema kesi imefutwa. Mtoto akipangusa ubao, naye amefuta. Basi mtu anatoka mahakamani hapa Marekani akiamini ubao umepanguswa. Wapi! Kilichoandikwa siku polisi walipokuchukua alama bado kipo palepale. Kuondoa maandishi yenyewe ni ombi jingine, mara nyingi na ada nyingine, chini ya sheria ya jimbo lile ulikokamatwa. Ukihamia kwingine, ombi halihami nawe.

Kosa la pili tumekuja nalo kutoka nyumbani. Kenya unakwenda DCI, idara ya upelelezi wa jinai, Tanzania unakwenda polisi, unaweka vidole, unapewa cheti. Nchi moja, polisi mmoja, karatasi moja. Huku kuna majimbo 50, kila moja na hifadhi yake ya rekodi, na FBI pale Clarksburg, West Virginia, ina faharasa ya kuziunganisha. Inajua kile ilichotumiwa. Kama ulipewa hati ya kufika mahakamani bila kuchukuliwa alama, huenda FBI haina habari zako kabisa, ilhali karani wa mahakama ya wilaya anazo. Kwa hiyo na wale wanaojigamba "FBI wamesema niko safi", taratibu.

Hapa ndipo ninapopandwa na hasira, mnivumilie. Taarifa ya kukamatwa inatoka na alama za vidole, kwa mashine, haraka. Taarifa ya jinsi kesi ilivyoisha inapita mkono kwa mkono: mahakama, mwendesha mashtaka, hifadhi ya jimbo, ndipo FBI. Kanuni za shirikisho zinataka matokeo yatumwe ndani ya siku 120. Zinataka tu. Mwaka 2006 ripoti ya Mwanasheria Mkuu wa Marekani ilikiri kwamba takriban nusu ya rekodi katika faharasa hiyo hazikuwa na matokeo ya mwisho. Nusu! Afisa wa leseni anafungua faili, anasoma "alikamatwa, shambulio", halafu pengo. Na pengo hulijaza kwa anachokiogopa. Dada mmoja anayetunza wazee alikaa miezi bila kazi kwa sababu ya mstari wa namna hiyo, kesi ya zaidi ya miaka kumi nyuma. Nakala yenye muhuri tuliipata kwa karani asubuhi moja. Ndiyo maana mtu akiniambia kesi yake ilifutwa simjibu lolote kabla sijauliza: karatasi iko wapi?

Nani anaona, hilo nalo lina vituko vyake. Mwajiri hapigi simu FBI. Sheria ya shirikisho namba 92-544 ya mwaka 1972 inalitaka jimbo litunge kwanza sheria yake, itaje aina ya kazi au leseni, idai alama za vidole, kisha iidhinishwe kwa niaba ya Mwanasheria Mkuu. Na majibu yanakwenda ofisi ya serikali. Bosi wako wa nyumba ya wazee kwa kawaida anaambiwa unafaa au hufai, basi. Mwaka 1998 yalikuja mapatano kati ya majimbo na serikali ya shirikisho ya kubadilishana rekodi kwa shughuli zisizo za polisi, kama ajira na leseni. Montana na Georgia wakatangulia kuyaridhia, yakaanza kazi 1999. Chini yake, kile ambacho sheria hairuhusu kitumike kwa shughuli husika huchujwa kabla ya jibu kuifikia ofisi iliyoomba rekodi. Ndiyo maana mstari uleule unaweza kukuzuia jimbo hili na usikuguse la jirani.

Bosi wa ghala yeye hutumia kampuni binafsi. Hizo husaka majina, si vidole, kwa hiyo kama unaitwa Mohamed Ali, pole sana. Sheria ya shirikisho inayozibana kampuni hizo ni ya 1970: kukamatwa kusikoishia hatiani hakutajwi baada ya miaka 7, ila kwa kazi za mshahara wa kuanzia dola 75,000 kwa mwaka. Kutiwa hatiani, kwa sheria ya shirikisho, hakuna kikomo.

Sasa kuna wimbi la kufunika rekodi bila mtu kuomba. Pennsylvania ilitangulia mwaka 2018, na mimi nilishangilia. Lakini kufunika si kuchoma: polisi na waendesha mashtaka bado wanaona. Na uhamiaji ndio kabisa! Fomu ya uraia inakuuliza hata yaliyofutwa, na hatia ambayo jimbo limekusamehe bado inaweza kuhesabiwa hatia. Usisaini kabla ya kuongea na wakili wa uhamiaji.

Fomu za kazi, soma kitenzi. "Umewahi kutiwa hatiani?" si "umewahi kukamatwa?" Wapo niliowaona wakikataliwa kwa jibu la uongo kuhusu jambo ambalo lenyewe lisingewazuia. Je, uambatanishe barua ya maelezo hata kama hujaulizwa? Vitabu vinasema ndiyo. Mimi nimeona barua nzuri ikimwamsha afisa aliyekuwa anapita tu. Hadi leo nikiulizwa hili, jibu langu hubadilika kutokana na mtu aliye mbele yangu, na silioni kuwa jibu la kujivunia.

Yule kaka nilimwambia aombe rekodi yake mwenyewe FBI, dola 18 na alama za vidole, na ile ya jimbo pia. Akikuta pengo, apeleke nakala ya mahakama kwenye hifadhi ya jimbo kwanza, maana ndiko kosa lilikozaliwa. Na ofisi ya leseni aidai muda wa kusahihisha kabla haijamkatalia. Kanuni za shirikisho zinampa haki hiyo.